Mwacheni Apumzike

Jumamosi, 3 Oktoba

Ninaandika ndani ya treni, daftari likiwa magotini, na mwandiko unaruka kama panzi. Bibi aliniambia siku naondoka: "Ukikosa wa kusema naye, sema na karatasi. Karatasi haina umbea." Nina wiki mbili hapa ugenini na leo ndiyo mara ya kwanza nimekosa kabisa wa kusema naye, ingawa nimezungukwa na watu watatu wanaozungumza Kiswahili.

Ukweli ni huu: tiketi ya nafuu ya Jumamosi ni moja kwa watu wanne, na wao walikuwa watatu. Ndiyo maana nimealikwa. Sijidanganyi.

Mwenye kupanga safari ni Ramani, ninayelala naye chumba kimoja. Tumemwita Ramani kwa sababu anajua miji yote iko wapi, ila akishashuka stesheni hajui kulia na kushoto. Wa pili ni Kinanda, ambaye kicheko chake kinapanda ngazi moja moja mpaka abiria wageuke. Wa tatu ni Dada Mkubwa, yuko mwaka wa pili, anasomea dawa. Baba yangu alichukua namba yake uwanja wa ndege na kumwambia, "Mwangalie mdogo wako." Mimi wameniita Kimya. Sikuulizwa.

Mji wenyewe una daraja, mnara wa saa, na mvua. Wenzangu walipiga picha. Mimi nilitafuta duka la vitambaa, nikanunua kifungo kimoja. Muuzaji alinitazama kama mtu aliyekwenda buchani kununua mfupa.

"Kimoja tu?" Kinanda akauliza. "Kwani una shati la jicho moja?"

Wakacheka. Sikueleza.

Jumapili, 4 Oktoba

Nieleze hapa basi. Bibi ni fundi cherehani. Amenilea tangu Mama alipofariki, nilipokuwa na miaka minne. Kabla sijaondoka alinikatia gauni la kitambaa cha samawati, akatoboa matundu saba ya vifungo kifuani, akakataa kuweka vifungo. Akasema: "Kila mji utakaouona, niletee kifungo kimoja. Wewe una aibu, ukienda mahali unajibanza ukutani. Ukiwa na kitu cha kutafuta utalazimika kufungua mdomo." Akanipimia tundu kwa ukucha wa kidole gumba changu. "Kisizidi hapa. Kifungo kikubwa kuliko tundu ni aibu ya fundi."

Gauni lenyewe linasubiri mikono na upindo. Ataendelea nalo kidogo kidogo kila akipata nafasi. Analiita gauni la kurudi.

Leo nimempigia kwa simu ya mdogo wangu, Sindano. Ana miaka kumi na minne, na ni mwembamba mpaka jina lake limesahaulika.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu! Umekula? Umepata?"

"Nimepata. Cha mti, rangi ya kahawa."

"Uliomba mwenyewe?"

"Niliomba mwenyewe."

"Na walikuelewa?"

"Niliwaonyesha kidole gumba."

Alicheka mpaka akakohoa. Nyuma yake nilisikia cherehani. Huwa anaongea huku anakanyaga: anakimbiza, anapunguza, anasimama pumzi moja, halafu anakimbiza tena. Naujua mwendo wake kama ninavyojua hatua za mtu kwenye ngazi.

Jumatano, 7 Oktoba

Mvua. Hesabu nzuri, lugha mbaya.

Jumatatu, 12 Oktoba

Darasani nilitaka kusema "nimechelewa" nikasema neno linalomaanisha "nimeiva". Darasa zima likacheka. Mwalimu alilipenda mpaka akaliandika ubaoni, na sasa kila anayechelewa anasema ameiva. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nilipomwambia Bibi, akanisimulia tena habari ya mke wa mwalimu mkuu. Zamani alimshonea gauni, na kwa haraka akapachika mikono kinyume, wa kulia kushoto na wa kushoto kulia. Mabega yakasimama kama masikio ya sungura. Bibi hakulala. Asubuhi mwenye gauni akaja, akavaa, akajitazama, akasema, "Fundi, mshono huu mpya umeutoa wapi?" Mwezi huo wanawake sita waliomba mikono ya sungura.

"Mshono mbaya fumua," Bibi akasema, "hata kama mteja yuko mlangoni. Lakini kosa likikaa vizuri mwilini, usilifumue. Si lako tena."

Jumamosi, 17 Oktoba

Mji wa pili. Kifungo cheupe chenye matundu manne. Ramani alitupoteza saa nzima, tukazunguka kanisa moja mara tatu. Dada Mkubwa akasema, "Huyu ni ramani ya dunia, si ya mtaa." Nilicheka kwa sauti. Kinanda akashika kifua: "Jamani, Kimya ana sauti!" Nikanyamaza tena mpaka jioni.

Jumamosi, 31 Oktoba

Mji wa tatu. Cheusi, kinang'aa. Mvua haikukatika.

Jumapili, 1 Novemba

Baba anasema miguu ya Bibi imevimba, na daktari amemkataza kukanyaga cherehani. Baba ni fundi bomba, hapendi kueleza kitu kinachovuja ambacho hawezi kukiziba. Nikaomba anipe Bibi.

"Bibi, si umeambiwa upumzike?"

"Sare za shule zitajishona? Watoto waende uchi? Nikimaliza sare nitapumzika. Kwani nyumba hii hujui? Baada ya chakula cha mchana nafunika cherehani, na mimi najifunika."

Ni kweli. Nyumbani kila siku saa nane mteja akibisha, tunamjibu, "Bibi amepumzika, njoo saa kumi." Nimelisema neno hilo labda mara elfu.

Jumamosi, 7 Novemba

Mji wa nne. Kifungo cha chuma chenye picha ya nanga. Leo niliwaeleza wenzangu habari ya vifungo. Sijui kilichonipata. Tulikuwa tumejikinga mvua chini ya paa la kituo cha basi, na Ramani akauliza bila kejeli. Nilipomaliza Kinanda hakucheka. Akasema, "Mimi bibi yangu huniagiza tu niolewe." Hapo tukacheka wote.

Nadhani wananipenda. Au wanapenda tiketi. Sijui mtu anapimaje.

Jumanne, 17 Novemba

Mtihani wa mwisho ni Jumatatu, tarehe 14 Desemba. Nikifaulu ninaingia chuo, uhandisi wa maji. Nikifeli ninarudi nyumbani na kozi hii ya matayarisho imekuwa bure. Baba alifurahi sana nilipochagua maji. "Mimi naziba, wewe utafungulia."

Jumamosi, 21 Novemba

Mji wa tano, kifungo cha kijani. Bibi hakuongea na simu, Sindano alisema anaumwa kichwa. Nikamtumia sauti.

Jumatano, 25 Novemba

Bibi amerudi kwenye simu! Sauti ndogo, lakini utani uko palepale. "Mke mwenzangu, bado viwili. Usiniletee viwili vya mji mmoja, nitavijua." Cherehani sikuisikia. Akasema, "Mkanda umelegea." Nikauliza wa cherehani au wake. Akasema, "Yote miwili."

Ijumaa, 4 Desemba

Mafua makali. Pua kama bomba la Baba.

Jumamosi, 5 Desemba

Mji wa sita, na nilikwenda hivyo hivyo na mafua. Ni mji mzuri kuliko yote: uwanja mkubwa wa mawe, watu wanauza vitu vya zamani kwenye meza. Nikapata kifungo cha pembe, chepesi, kina mistari kama kucha. Kilitosha kidole gumba sawasawa. Muuzaji alikuwa mzee, nikaongea naye mimi mwenyewe, sentensi nne, zote zimesimama.

Nilikuwa bado nimeshika kifungo simu ikalia. Ujumbe wa Shangazi, dada yake Baba. Shangazi aliolewa mbali na huwa haandiki. Ameandika: "Mwanangu, Bibi amepumzika leo saa nane."

Nilishusha pumzi. Wiki nzima nilikuwa na wasiwasi atakaidi. Nikajibu papo hapo, vidole vikiwa na baridi: "Afadhali Shangazi. Amechoka sana Bibi. Mwacheni apumzike, msimwamshe hata wakija watu. Mwambieni gauni langu halina haraka, nitalikuta tu."

Akajibu: "Umetufariji mwanangu. Mungu akuzidishie moyo huo." Shangazi ana maneno mazito, hata ukimpa chumvi anakushukuru kama umemjengea nyumba.

Muda mfupi baadaye Dada Mkubwa alitoka pembeni kuongea na simu. Aliporudi alinikumbatia katikati ya uwanja, watu wakipita.

"Pole sana, mdogo wangu."

"Asante dada. Itapita tu," nikasema, nikapenga kamasi.

Akanitazama kwa muda mrefu. Kisha wote watatu wakaniambia pole, mmoja baada ya mwingine, na Ramani akanipa skafu yake. Kwa mafua tu! Njia nzima ya kurudi hakuna aliyecheka, nami ndiye niliyekuwa na furaha. Niliwaonyesha kifungo mara tatu.

Jumapili, 6 Desemba

Baba amepiga. Mtandao mbovu, sauti inakuja vipande vipande.

"Shikamoo Baba. Bibi je?"

"Tumeshampumzisha, mwanangu. Watu walikuwa wengi, hatukutarajia."

Nilijua tu! Wiki ya mwisho ya sare, wateja wamejaa mpaka barazani. Nikamwambia wasimruhusu kurudi kwenye kiti. Sijui kama alisikia. Alisema, "Na wewe usijichoshe na mawazo. Soma. Ndicho atakachokifurahia." Simu ikakatika.

Jumanne, 8 Desemba

Nimemtumia Bibi sauti kupitia simu ya Sindano: "Bibi, kifungo cha sita ni cha pembe. Kimekaa kwenye kidole gumba kama kilizaliwa hapo. Umebaki mji mmoja, mke mwenzangu, unisubiri."

Sindano amejibu: "Umeniliza dada."

Naye kazidi. Lakini ameniacha na mimi nimekumbuka nyumbani.

Jumatano, 9 Desemba

Kuna jambo. Niliingia jikoni wakanyamaza. Kinanda, ambaye hajawahi kunyamaza, alianza kuosha sufuria safi.

Alhamisi, 10 Desemba

Nimesikia mwenyewe, mlango ukiwa wazi kidogo. Kinanda: "Bado anatafuta vifungo, jamani. Jana kaniuliza huko tunakokwenda kuna duka." Ramani: "Labda ndivyo anavyojituliza." Dada Mkubwa: "Ana roho ngumu yule. Mimi ningelala kitandani mwezi."

Nimerudi chumbani nikaketi juu ya kitanda na koti mwilini. Kwa hiyo vifungo vyangu ni kichekesho. Nina roho ngumu! Kwa lipi? Niliwaambia habari ya Bibi kituoni wakaitikia kwa upole, kumbe wanakwenda kuichambua jikoni kama mchele. Shule nzima nilikaa bila rafiki na sikuumia hivi, maana huwezi kunyang'anywa usichopewa.

Jumamosi siendi. Watafute mtu wa nne mwingine.

Ijumaa, 11 Desemba

Ramani amenibembeleza. "Ni mji wa saba, Kimya. Ukikosa huu utajuta." Macho yake yalikuwa mekundu. Nimekubali kwa ajili ya Bibi. Nitakaa kiti cha dirishani na sitasema neno. Jina si wamenipa wenyewe?

Jumapili, 13 Desemba

Kesho ni mtihani. Sijafungua kitabu tangu jana. Nitaandika hili kwanza, lote, kwa mpangilio, kwa sababu kichwani halina mpangilio.

Jana tulipanda treni ya asubuhi. Mvua ilikuwa inatambaa kwenye kioo. Ramani alikuwa na karatasi yake ya mitaa, Dada Mkubwa alikaa mbele yangu, Kinanda alikuwa anamenya chungwa na kunipa vipande bila kusema kitu. Nilivipokea bila kumtazama.

Sindano akatuma sauti. Nikaweka spika za masikioni. Hakukuwa na maneno, ilikuwa cherehani tu. Nikatabasamu peke yangu: mkanda umekazwa! Halafu nikasikiliza vizuri. Ilikuwa inakanyagwa polepole, sawasawa, tak tak tak tak, kama mtoto anayesoma kwa kidole. Haikukimbia. Haikusimama pumzi moja. Hiyo haikuwa miguu ya Bibi.

Na kiti kile hakuna mwingine anayekikalia. Hata Baba akitengeneza cherehani huchuchumaa.

Nikaandika: "Nani anashona?"

"Mimi. Namalizia gauni lako. Shangazi kaniruhusu."

"Shangazi? Bibi anajua umekaa kwenye kiti chake?"

Nikaona anaandika, anaacha, anaandika.

"Dada usinitanie hivyo."

Nikapiga. Alipokea mara moja.

"Sindano, mpe Bibi simu."

"Dada, unanitisha."

"Nimesema mpe simu."

"Dada… si Shangazi alikuambia? Jumamosi ile. Si ulijibu mwenyewe?"

"Aliniambia amepumzika."

"Ndiyo," mdogo wangu akasema. "Alipumzika."

Ni hapo ndipo nililisikia lile neno. Nimelisema mara elfu mlangoni kwa wateja na sikuwahi kulisikia. Mama alipofariki waliniambia amesafiri, na kwetu ndivyo tunavyosema mpaka leo, fulani kasafiri. Kupumzika kwetu ni cherehani kufunikwa kitambaa saa nane mchana. Shangazi huko alikoolewa wana maneno mengine. Na alisema leo saa nane! Aliandika saa nane, saa yake ya kila siku. Ningejuaje? Ningejuaje?

Treni ilikuwa inaingia stesheni. Sikumbuki kushuka. Nakumbuka nimesimama kwenye sakafu iliyolowa, watu wakitupita na mabegi, nami nikipiga kelele kwa Kiswahili katika mji ambao hakuna anayekijua.

"Mlijua! Wiki nzima mlijua!"

"Tulijua unajua!" Ramani akasema.

"Mngeniambia!"

"Kimya, baba yako alinipigia pale uwanjani," Dada Mkubwa akasema. Alikuwa analia. "Aliniambia umeshaambiwa, na umejibu kama mtu mzima. Akasema nisikubughudhi, niwe karibu tu. Nikaja nikakuambia pole, ukaniambia itapita tu. Nikasema huyu mtoto ana roho ya mzee."

"Nilikuwa na mafua!"

Kisha Kinanda akatoa sauti, kicheko kilichomponyoka ngazi moja tu, akaziba mdomo kwa mikono yote miwili, macho yamemtoka kwa hofu. Nami nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikaishiwa pumzi, na kicheko kilipokwisha chini yake kulikuwa na kilio, na kilio hakikuwa na mwisho. Nilimshika Dada Mkubwa koti mpaka kifungo kikakatika.

Tulikaa kwenye benchi la stesheni. Mji wa saba sikuuona. Tulipoanza kufikiria kurudi nikasema, kwa sababu lilikuwa limenikaa kooni tangu Oktoba: "Najua mlinichukua kwa ajili ya tiketi. Lakini asanteni kwa kuja."

"Tiketi ipi?" Kinanda akauliza.

"Ya watu wanne."

Wakatazamana. Ramani akatoa kadi mfukoni. "Tangu mwanzo wa Novemba sisi watatu tuna kadi za mwezi, hatuhitaji tiketi. Tiketi ya watu wanne tunaikata kwa ajili yako peke yako. Tulidhani ukijua utakataa kuja."

Mambo mawili kwa siku moja, na yote yalikuwa mbele ya macho yangu.

Leo asubuhi nimepiga nyumbani. Nilianza kama kawaida, maana salamu ndiyo mlango. "Shikamoo Baba." "Marahaba. Hujambo?" "Sijambo." Halafu nikashindwa, naye akashindwa. Kwenye simu nilisikia kuku uani.

Kisha akampa Shangazi.

"Mwanangu," akasema, "maneno yako yale niliyasoma kaburini. Niliyasoma kwa sauti. Mwacheni apumzike, msimwamshe hata wakija watu. Pale uliposema gauni lako halina haraka, utalikuta tu, ndipo baba yako alipolia. Tangu afariki alikuwa hajatoa chozi, tulikuwa tunamhofia. Watu wananiuliza mpaka leo, binti yule ana umri gani?"

Nilitaka kusema: Shangazi, sikuelewa. Nilikuwa uwanjani nimeshika kifungo nikifurahi. Nilikuwa namzungumzia mtu aliyelala mchana.

Sikusema. Nikasema "Asante Shangazi." Sasa nimekaa hapa na linaniuma. Wamemzika Bibi kwa maneno ambayo mwenyewe sikuyajua maana yake. Watu wanasifu subira yangu, na sina subira, nilikuwa sina habari. Mshono mbaya fumua, hata kama mteja yuko mlangoni. Bibi angenitaka nipige simu tena. Angenitaka?

Jumatatu, 14 Desemba

Nimefanya mtihani. Sehemu ya kuandika walituomba tueleze kazi ya mtu tunayemjua. Niliandika mpaka kengele ikalia.

Jumatano, 16 Desemba

Dada Mkubwa alitaka nibaki na kile kifungo cha koti lake, kiwe cha saba. Nimekipima. Kinazidi ukucha mara mbili. Nikamwomba sindano na uzi, nikakirudisha kwenye koti, nikauzungusha uzi chini ya kifungo mara tatu kama nilivyofundishwa ili kifungo kipate nafasi ya kupumua. Ni mara yangu ya kwanza kushona tangu nije. Kinanda alinitazama mpaka mwisho, akasema, "Kumbe wewe fundi." Nikamwambia fundi alikuwa Bibi. Nimesema alikuwa.

Shangazi bado sijampigia. Kila nikishika simu naiweka.

Ijumaa, 18 Desemba

Nimefaulu. Baba alisema, "Haya sasa, fungulia," akaanza kucheka, na katikati ya kicheko akampa Sindano simu.

Jumamosi, 19 Desemba

Tumerudi mji wa saba. Ni mji wa kawaida. Una mto na duka moja la vitambaa, na mvua imepumzika. Nimeliandika neno hilo nikalitazama, kisha nikaliacha.

Kifungo cha saba ni cha bluu, kidogo kuliko vyote. Niliomba mwenyewe. Wenzangu walinisubiri nje, na Kinanda alikuwa amebandika uso kwenye kioo cha duka kama samaki.

Nikiwa hapo mlangoni Sindano akapiga kwa video. Alikuwa ameshika gauni la samawati mbele yake, uso umemvimba kwa kulia.

"Dada, nimeharibu. Nilikuwa nataka ulione limekwisha. Nimepachika mikono kinyume. Yote miwili. Nimeona leo."

"Livae."

"Dada, ni lako."

"Livae nilione."

Akatoweka, akarudi. Mabega yalikuwa yamesimama kama masikio ya sungura. Nyuma yake niliona cherehani, na kiti, na kitambaa kimekunjwa pembeni. Akageuka kushoto, akageuka kulia. Gauni lilimkaa kana kwamba fundi alikusudia.

"Nifumue?" akauliza. "Shangazi anasema nifumue. Kasimama hapa, anakusikia."

Shangazi akaingiza uso kwenye kioo cha simu, akanisubiri niseme.

Lile jambo langu, kwamba siku ile sikuelewa, lilikuwa tayari mdomoni, sentensi nzima. Nikamtazama Shangazi, nikayasoma upya maneno yangu kichwani, moja moja, na kwa mara ya kwanza kila moja nilikuwa nalijua. Amechoka sana Bibi. Msimwamshe hata wakija watu. Gauni halina haraka. Hakukuwa na hata moja ambalo ningelitoa.

"Msifumue," nikasema. "Limekaa vizuri."